Sauti ya Nne Katika Gauni la Kitenge

Nyinyi wachekeshaji na washereheshaji wa Kasulu mliniomba niwaandikie nilivyofanya kazi, kwa kuwa sasa nimeiweka chini. Vidole vya mkono wa kushoto havishiki tena uzi wa zeze kama zamani, na magoti hayataki kusimama sherehe nzima. Nimekubali, ila nilichokuwa nikilipwa hamtakikuta humu, wala majina ya wakubwa waliowahi kunishika mkono. Wakubwa hushika mikono ya watu wengi. Nitawaandikia nilivyoanza, nilivyokwama na walionifundisha.

Nilizaliwa Makere, binti wa tatu katika nyumba ya wakulima wa mihogo na maharage. Mpaka nilipofika darasa la sita nilikuwa mtoto kama wengine. Kisha sauti yangu ikashuka. Wavulana hushukwa na sauti na hakuna anayeshangaa. Mimi ilinishuka nikiwa na sare ya sketi, na ilipofika chini ikakaa. Mama alinipeleka zahanati. Mganga akanimulika kooni, akaniambia niseme "aa", nikasema, akaweka tochi mezani akasema, "Mama, huyu mtoto ni mzima. Ana sauti tu."

Shuleni wakaniita Mugabo, yaani mwanamume. Nikijibu swali darasani, mwalimu aliyekuwa akiandika ubaoni aliwatazama wavulana kutafuta nani amejibu. Nikajifunza kunyoosha mkono na kuonyesha jibu kwa vidole, jambo linalowezekana kwenye hesabu tu, ndiyo maana hesabu niliijua na historia sikuijua. Nyumbani wakija wageni, Mama aliniambia kwa upole, "Skola, leo salimia kwa kichwa."

Mahali pekee palipokuwa na nafasi ya sauti yangu ni kwaya ya kanisa. Mwalimu wetu wa kwaya, Gervasi, fundi baiskeli kwa siku sita na mwalimu wa kwaya kwa siku moja, alinijaribu sauti ya kwanza nikashindwa, sauti ya pili nikashindwa, ya tatu nikaipita kwa chini. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema, "Nenda nyuma kule kwa wanaume. Wana shida, wasaidie." Nikaimba sauti ya nne, besi, nimesimama kati ya vijana wawili wenye ndevu. Jumapili ya kwanza waumini waligeuka kumtafuta mwanamume mpya. Hawakumwona. Gervasi hakugeuka kutazama walichokuwa wakitafuta. Aliendelea kupiga mkono wake hewani kana kwamba kila kwaya duniani ina msichana kwenye besi. Ninapokumbuka watu walionifanyia wema, naanza na yeye.

Uchumba ulichelewa. Mara moja ulikuja ujumbe wa posa, wazee wawili wenye kofia. Nikiwa chumba cha ndani, nikapiga chafya, nikajisemea "pole" kwa sauti ya kawaida. Mmoja wao akamuuliza Baba kuna mwanamume gani mle ndani na mabinti. Baba akasema, "Ni huyo mnayemposa." Wakanywa uji wao, wakashukuru, wakaondoka.

Aliyenioa ni Festo, fundi seremala wa Kibondo. Alikuja Makere kutengeneza madawati ya kanisa, akasikia mazoezi ya kwaya kupitia dirishani. Akamuuliza Gervasi, "Besi yule ni nani? Anashikilia paa." Alipoonyeshwa, aliangalia mara mbili, akasema, "Basi vizuri." Hilo ndilo tamko la mapenzi alilotoa, na mpaka leo hajaongeza. Familia ya Festo ilikimbia Burundi yeye akiwa mgongoni mwa mama yake. Baba yake alikuwa mpiga zeze, wao wakiliita indingidi: uzi mmoja, bakuli la mti lililowambwa ngozi ya kenge, na upinde. Mzee alipofariki, zeze likabaki limetundikwa ukutani kwetu Kibondo kwa sababu watoto wake wote wa kiume hawakuwa na sikio la muziki. Kwa desturi mwanamke halipigi. Siku moja nilikuwa nafagia, nikaligusa kwenye uzi, likatoa sauti nzito ya kukwaruza, nikasema moyoni, huyu ni ndugu yangu.

Nililipiga nyumbani kwa miaka mingi kuwabembeleza watoto na baadaye wajukuu. Nilikuwa nikiigiza mazungumzo: zeze lilikuwa mama mkwe, mimi nilikuwa kila mtu mwingine. Sikujua kwamba hiyo ni kazi. Nilidhani kazi yangu ni kulima na kuuza maharage.

Mwaka 2012 tulikuwa tumehamia Kasulu, na hapo anaingia mwalimu wangu wa pili. Bi Mwanaidi alikuwa mjane mwenye duka la kukodisha maturubai, viti na vyombo vya muziki, karibu na soko. Watu wake walitoka Tanga, na Kiswahili chake kilinyooka hata akimkemea mtu ulitamani aendelee. Siku hiyo nilikuwa kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, nimeombwa niimbe kidogo na zeze langu. Yeye alikuja kusimamia spika zake. Baada ya chakula akanisogelea.

"Wewe mama, unaitwa nani?"

"Skolastika. Mama Yusta."

"Mama Yusta, Jumamosi nina sherehe Murubona na emsii wangu ameniaga anahamia Mwanza. Utakuja."

"Mimi siyo emsii, Bi Mwanaidi. Sijui hata kushika maiki."

"Maiki haishikwi kwa elimu," akasema. "Njoo."

Nikaenda. Nawaandikia siku hiyo ili mjue kwamba kila mtu ana yake. Nilishika kipaza sauti karibu na mdomo kama mtu anayekula hindi. Sauti yangu ilipotoka kwenye spika kubwa, watoto wa mstari wa mbele walihama. Nikaogopa, nikaanza kuongea haraka, nikarundika utani juu ya utani, na watu wakanitazama kwa huruma, kama wanavyomtazama mtu anayekimbilia basi lililokwisha kuondoka. Niliporudisha maiki nilikuwa nimeloa jasho. Nikamwambia Bi Mwanaidi, "Umeona mwenyewe."

Alikuwa anakunja nyaya kwenye mkono wake, kiwiko hadi kiganja, hakuinua macho. "Nimeona. Hukuwapa nafasi ya kucheka. Ukisema neno, nyamaza. Mtu anahitaji muda wa kusikia, muda wa kushangaa, halafu ndiyo acheke. Wewe ukamkuta bado anashangaa ukamletea jingine."

"Wakinyamaza na mimi nimenyamaza, itakuwaje?"

"Itakuwa kimya. Hujawahi kuona kimya? Hakiumi."

Kinauma, tena sana, lakini mtu hukizoea. Alinifundisha dukani kwake mchana, wateja wakiwa hawapo. Nilitamka sentensi moja, yeye akainua kidole, nikasubiri mpaka akishushe. Wakati mwingine mteja aliingia akatukuta wanawake wawili wazima tunatazamana bila kusema, kidole kimeinuliwa, akatoka polepole. Alinirekebisha Kiswahili pia, ila si chote. Nilipojaribu kusema kama yeye, alinikatiza. "Hicho ni changu. Sema chako, ila kisemwe chote, usikitafune." Alinifundisha pia mambo ya vyombo: kukaa nyuma ya spika na si mbele yake, kuomba jenereta liwekwe upande upepo unakoelekea, na kabla ya mvua kuweka zeze karibu na jiko la mkaa, kwa sababu ngozi ya kenge ikipata unyevu inalegea, na zeze lililolegea linalia kama ndama aliyepotezana na mama yake.

Mwaka uliofuata tukapata kazi Kibondo, sherehe ya kumuaga binti. Ninaiandika kwa kirefu kwa sababu yote yaliyofuata yametoka hapo. Binti aliitwa Anjela. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa saa. Bwana harusi mtarajiwa na watu wake walikuwa wanatoka Nyabibuye, kule mpakani, na ilikuwa masika. Ratiba ilisema wafike saa nane mchana. Saa nane ikafika peke yake.

Bwana harusi alipigiwa simu, akasema yuko njiani. Akapigiwa tena, yuko njiani. Wageni wakamaliza soda. Mvua ikaanza kupiga turubai. Mwalimu Mkuu akaja kwangu na saa yake mkononi, hakuivaa, ameishika.

"Mama, ikifika saa kumi nitatangaza watu warudi makwao."

"Mwalimu, barabara ya huko unaijua."

"Naijua. Nao wanaijua, ndiyo maana watu hutoka mapema. Binti yangu hatakaa pale mbele kama mzigo unaosubiri lori."

Nilimtazama Anjela. Alikuwa kwenye kiti chake kilichopambwa, gauni la rangi ya machungwa, anatabasamu kwa mdomo tu. Mnajua sherehe hizi. Baba akitangaza watu warudi makwao, hakuna ndoa tena. Hata bwana harusi angefika kwa magoti, maneno yameshasemwa mbele ya ukoo. Bi Mwanaidi alikuwa kwenye mashine yake, akaniinulia sauti ya maiki bila kuniuliza. Nikachukua zeze. Lilikuwa limepata unyevu, likatoa ule mlio wa ndama, na watu wachache wakatabasamu. Nikaamua kuacha liwe hivyo hivyo, liwe simu inayoita.

Nikaimba, nusu Kiswahili nusu Kiha. Kwa sauti nyembamba ya kujilazimisha nilikuwa shangazi wa bibi harusi. Kwa sauti yangu mwenyewe nilikuwa bwana harusi.

"Mkwe wetu, uri he? Uko wapi?"

"Ndi mu nzira, shangazi. Niko njiani, nimeshavuka mto."

"Mbona nasikia jogoo?"

Hapo nikanyamaza. Nikaona kidole cha Bi Mwanaidi kimeinuka kule nyuma. Kikashuka.

"Siyo jogoo, shangazi, ni honi ya gari. Imepata mafua."

Wakacheka, kwanza wanawake wa upande wa jikoni, halafu wote. Shangazi akauliza mbona anasikia maji yanamwagika. Bwana harusi akajibu kuwa ni mvua, ila leo inanyeshea ndani ya ndoo. Shangazi akauliza mbona anasikia mtu anatafuna. Akajibu ni gia ya gari. Kila jibu lilipokwisha, watu wenyewe wakadaka, ukumbi mzima kwa besi: "Ndi mu nzira!" Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama pembeni. Nilimwona anazuia uso wake kama mtu anayezuia mlango. Kisha mlango ukamshinda. Akarudi kukaa, na saa akaitia mfukoni.

Nilikuwa nimefikia ubeti ambao bwana harusi amepanda mti kutafuta mtandao, ndipo wale watu wa Nyabibuye walipoingia, wametapakaa tope mpaka magotini, gari wamelisukuma tangu Kasanda. Bwana harusi mwenyewe alikuwa ameshika viatu mkononi. Ukumbi wote ukamgeukia, ukamuuliza kwa wimbo, "Mkwe wetu, uri he?" Maskini hakujua lolote. Akasema kwa unyenyekevu, "Ndi mu nzira." Sijawahi kusikia kicheko kama kile, na si mimi niliyekitoa. Anjela alicheka mpaka mapambo ya kichwani yakaanguka. Wana watoto wanne sasa.

Mpiga picha wa sherehe alikuwa amerekodi. Aliwapa watu wa familia, familia wakarushiana kwenye simu, madereva wa malori wakaipeleka Kahama na Mwanza, na mtu nisiyemjua akaiweka mtandaoni. Mimi nilikuwa na simu ya tochi. Nilijua kwamba nimekuwa maarufu siku nilipokuwa sokoni Kasulu nauza maharage, mwanafunzi wa chuo aliyekuja likizo akanisikia nikimtajia mama mmoja bei ya kisado, akasimama ghafla. Akaita wenzake, "Ni yeye. Ni sauti ile."

Bi Mwanaidi alinionyesha video kwenye simu ya binti yake. Ilikuwa mara ya kwanza kujiona. Niliona mwanamke mnene mwenye gauni la kitenge, ameinamisha kichwa kwenye zeze kama anamnong'oneza mtoto, na kutoka kwake inatoka sauti ya mwanamume aliyeshiba. Chini ya video watu walikuwa wanabishana kwa maandishi. Wengine walisema sauti imebandikwa. Wengine walisema huyu ni mwanamume aliyevaa nguo za kike. Mmoja aliandika, "Huyu mama yuko kama shangazi yangu wa Kasulu, nimemkumbuka." Huyo nilimwomba binti anisomee mara mbili.

Umaarufu wa mtandaoni, wanangu, ni kama ugeni. Unakuja bila kubisha na unadai kuhudumiwa. Watu walinisimamisha njiani niwaambie "ndi mu nzira". Harusi zikawa nyingi mpaka tukawa tunazikataa. Kisha, mwaka 2014, kipindi kimoja cha vichekesho cha televisheni kikaniita Dar es Salaam.

Festo alinisindikiza mpaka stendi. Huko nikapokewa vizuri, nikapewa soda na kiti. Halafu mtangazaji, kijana mwerevu mwenye suti, akanieleza wanachotaka. Gauni langu halikufaa. Wakanivika gunia lenye mkanda wa kamba na mabuti ya mvua, wakanipa furushi la mihogo nibebe. Zeze nililiweka kando. Akaniomba niseme "kura" halafu niseme "kula". Nikasema kama ninavyosema, na nyinyi mnajua sisi Waha tunavyosema. Watu wakacheka. Akaniomba nirudie. Wakacheka zaidi. Sikuwa nimefanya kazi yoyote. Wimbo sikuuimba hata ubeti mmoja. Nilisimama pale chini ya taa na nikajikuta nataka kunyoosha mkono na kujibu kwa vidole.

Nilipotoka nikampigia Bi Mwanaidi. Alikuwa ametazama kule dukani na watu wa mtaa.

"Umeniona?" nikamuuliza.

"Nimekuona."

"Walicheka sana."

Kisha akasema, "Leo hukuchekesha, mwanangu. Leo umechekwa."

Wale watu wa televisheni walitaka niwe mhusika wa kudumu, bibi wa mihogo, kila wiki. Walikuwa na adabu na walishangaa kwa dhati nilipokataa. Mtangazaji akaniuliza kama nafahamu ni wangapi wanaotafuta nafasi hiyo. Nikamwambia basi hawatakosa mtu.

Kurudi Kasulu kulikuwa kugumu zaidi ya kukataa. Stendi, mzee mmoja mpakia mizigo aliniambia, bila hasira, "Mama Yusta, umetuvua nguo." Kwenye harusi iliyofuata niliposimama na maiki, watu hawakunishangilia. Walikaa na mikono kifuani. Walikuwa wanasubiri kuona ni Skola yupi amerudi. Nilikuwa nimevaa kitenge changu. Nikaanza zeze polepole, nikamwimba mtangazaji wa Dar, kijana wa suti, amealikwa harusi ya Kasulu na kupewa karatasi asome majina ya wazee wa ukoo. Anafika kwa mzee Ntibashirakandi. Anaanza. "Nti..." Nikanyamaza. "Ntiba..." Anajifuta jasho. Anaomba maji. Anarudi mwanzo. Nilipofika jina la tatu, mzee mmoja kwenye meza kuu alisimama kwa hiari yake na kumsaidia mtangazaji ambaye hayupo, silabi kwa silabi, kama anayemvusha mtoto mto. Mikono ikatoka vifuani. Tangu siku hiyo nikawa najiuliza jambo moja kabla ya kila utani: yule anayechekwa, angekuwa amekaa mstari wa mbele, angecheka? Kama la, natafuta mwingine. Kijana wa suti, naamini, angecheka. Alikuwa na meno mazuri.

Kisha ukaja mwaka 2015, na watu wakaanza kuvuka tena kutoka Burundi. Kambi ya wakimbizi ya karibu na kwetu Makere ikajaa upya. Kulikuwa na mahema palipokuwa na mahindi. Wanawake wa kambini, Warundi wapya na Wakongo waliokuwa pale tangu zamani, walikuwa wakiandaa mkutano wa mchana wa kuwatuliza watu kidogo, wakaniita. Nilimwomba Festo abebe spika. Kwa kawaida alikuwa akikubali bila neno. Safari hii alikaa kwenye kizingiti akisugua kipande cha mbao kwa msasa mpaka kikawa chembamba. "Nitakwenda," akasema, "lakini nitakaa nyuma ya spika."

Hadhira ngumu mnazijua: wachovu, walevi, wakwe waliogombana. Ile ilikuwa kitu kingine. Walikaa chini kwa mistari na walinitazama kwa adabu ya watu waliokwisha kuona mambo. Mama wa Kikongo aliyekuwa anaongoza akasema kwenye maiki, "Huyu mama tulimuona ku telefoni. Ataimba ile ya njiani." Vijana wakashangilia. Nilikuwa nimepanga nyimbo nyingine, ya mbuzi na ya fundi cherehani. Ile nilikuwa nimeiacha nyumbani kwa makusudi. Nusu ya wale watu walikuwa na mtu aliyewaambia kwa simu "ndi mu nzira" na mpaka wakati huo hajaonekana. Unawezaje kumchekesha mtu kwa neno hilo?

Nikasema kwa Kirundi changu cha Kiha, "Wimbo huo leo tuuache."

Mstari wa mbele akasimama mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye ndoo tupu miguuni. Nilikuja kujua kwamba aliitwa Domitila na ndiye aliyesimamia foleni ya maji ya upande ule. Alisema bila maiki na wote wakamsikia.

"Kwa nini tuuache?"

Nikamwambia ukweli. "Naogopa utawaumiza."

"Yule bwana harusi wa kwenye video," akasema, "alifika?"

"Alifika. Viatu mkononi."

"Basi imba."

Nikaimba. Shangazi alipouliza mara ya kwanza "Uri he?", hawakuitikia. Zeze likalia peke yake na mimi nikasubiri, nikikitafuta kidole cha Bi Mwanaidi ambacho kilikuwa Kasulu. Nikauliza tena. Sauti moja ya mwanamume ikatoka nyuma, ikaimba kwamba yuko njiani ila amesimama kula maembe ya watu. Wengine wakacheka kidogo, kwa tahadhari. Mwanamke akaimba kwamba wake yuko njiani ila amebeba kabati. Hapo wakafunguka. Kila mmoja akamtungia wake sababu: amekwamishwa na baiskeli iliyopasuka tairi, anabishana na mto, anasubiri kuku atage. Sikuimba tena, nilipiga zeze tu, wao wakaimba. Wengine walikuwa wanacheka na machozi yanatoka na hawakuyafuta. Niligeuka nyuma ya spika kumwangalia Festo. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mguu wake ulikuwa unapiga chini pamoja na wote, nje ya mdundo kama kawaida yake.

Domitila hakutunga ubeti. Watu walipotawanyika, nilikuwa nafunga zeze kwenye kanga, akaja na ndoo yake.

"Mama, mume wangu ana sauti kama ya kwako," akasema. "Siyo nzuri hivyo. Lakini ni ya chini hivyo. Naye yuko njiani."

Nikamshukuru.

"Sema kwa sauti hiyo neno moja. Sema ndashitse."

Ndashitse ni nimefika. Nilimtazama nione kama anatania. Nikatazama kulia na kushoto. Hapakuwa na mtu karibu isipokuwa Festo, aliyekuwa anakunja nyaya. Maiki ilikuwa imezimwa. Nikasimama wima kama Gervasi alivyotufundisha, nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikasema kwa sauti yangu yote ya chini.

"Ndashitse."

Domitila alifumba macho. Alipoyafumbua hakulia wala hakucheka. Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea alichoagiza, akasema, "Haya." Kisha akainua ndoo yake akarudi kwenye foleni ya maji, akaanza kuwapanga watu.